Godspeed: albamu kubwa iache kwanza

Mtu yeyote akiuliza aanzie wapi na Godspeed You! Black Emperor, bendi ya posti-roki ya Montreal, Kanada, anajibiwa kitu kimoja tu, albamu yao Lift Your Skinny Fists Like Antennas to Heaven, ya mwaka 2000, na anayejibu huwa hataki maswali zaidi. Mi sibishani na ubora wake, albamu ile ni moto, ila jamani, ni dakika 87, nyimbo nne tu, fupi kuliko zote ina karibu dakika 19. Sasa mtu hajawahi kusikiliza bendi isiyo na mwimbaji unambebesha dakika 87 halafu unashangaa eti kaizima kabla hata ngoma ya kwanza haijaisha.

Mi nasema anza na Slow Riot for New Zerø Kanada. Ya 1999, ni EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, nyimbo mbili, nusu saa haifiki. Watu huwa wanaipita kwa sababu ni fupi, wanaona kama kipande kilichobaki baada ya albamu kukamilika, wakati karibu kila kitu ambacho hawa jamaa wa Montreal wanakijua kimo humo, na ukiimaliza unajua kabisa kama posti-roki ya aina hii, roki ya ala inayojengwa taratibu bila mwimbaji, ni yako au siyo.

Ngoma ya kwanza inaitwa Moya. Mwanzoni ni violini na chelo tu, taratibu, melodia yenyewe imetoka kwenye Simfonia ya 3 ya Górecki, yule mtunzi wa Poland, kwa hiyo kama una sikio la klasiki utahisi kitu. Hapo ndo wengi wanaongeza sauti kwenye hedifoni kwa sababu hawasikii vizuri, usiguse, nakuomba, maana gitaa zinakuja, halafu drams, halafu mwendo unaanza kupanda bila wewe kugundua umeanza kupanda lini, na kufika mwishoni wote wanakimbia na masikio yako yatalipa ile sauti uliyoongeza. Panga sauti kwa sehemu ya kelele, ile ya kimya iache iwe kimya, ndo kazi yake. Na usiruke mbele kutafuta pale panapolipuka. Ukiruka utasikia kelele tu, kwa sababu utamu wote uko kwenye kusubirishwa.

Ngoma ya pili, BBF3, ndo mtihani wenyewe. Hamna anayeimba, kuna mwanamume aliyerekodiwa akihojiwa, ana hasira, anasimulia alivyokwenda mahakamani kwa kesi ya mwendo kasi na akamjibu hakimu vibaya, baadaye anaulizwa ana silaha gani anaanza kuzitaja moja moja kama mtu anayesoma orodha, halafu anasoma shairi lake. Shairi lake, anasema yeye. Mashabiki wa Iron Maiden, bendi ya metali, walishtuka mapema maana mistari mingi ni ya wimbo wao wa 1996, na jina analojitambulisha nalo, Blaise Bailey Finnegan III, linafanana mno na la Blaze Bayley aliyekuwa anaimba Iron Maiden wakati huo. Bendi haikuambii umcheke au umwamini, inaweka muziki chini yake tu, ukiongezeka polepole, mpaka yule mtu unaanza kumwogopa na kumhurumia kwa pamoja. Kama jamaa huyu amekuchosha basi hakuna ubaya, Godspeed sio wako, umepoteza chini ya nusu saa. Kama umerudia, haya, twende.

Sasa ndo ufungue Lift Your Skinny Fists, na usiimeze yote kwa mkupuo, ilitoka kama diski mbili zenye nyimbo mbili mbili, kwa hiyo diski moja leo nyingine kesho, hakuna anayekupa maksi. Ukifika wimbo wa Sleep kuna mzee anakumbuka Coney Island ya zamani, ufukwe wa burudani kule New York, enzi watu walikuwa wanalala pale ufukweni usiku, anaongea kidogo tu kisha gitaa zinampokea. Ukishazoea BBF3 hapo hutauliza kwa nini mtu anaongea kwenye wimbo.

Kuna wale wanaotaka kufuata miaka, waanze na F♯ A♯ ∞ kwa sababu ilitangulia. Sawa, ila jueni kwamba toleo la 1997 lilikuwa la santuri, nakala za mwanzo 500, na lina mpangilio tofauti na CD ya 1998, ambayo ina nyimbo tatu na inapita saa moja, na ndo hiyo mnayoikuta kwenye intaneti. Santuri ilikuwa fupi zaidi, tena mwisho wake mfereji umefungwa duara, sindano inazunguka hapohapo mpaka wewe mwenyewe uinuke ukaiondoe. Mi naipenda sana, ila ni nzito, inafungua na sauti ya mtu anaelezea gari linaloungua lisilo na dereva na haichangamki sana baada ya hapo.

Bendi nyingine hazina shida hii kubwa. Explosions in the Sky, chukua ile ya 2003, nyimbo tano, kama dakika 45, umemaliza. Sigur Rós anza na Takk... kabla ya ile ya 2002 ambayo nyimbo zake zilitoka bila majina. Mogwai unaweza kuingilia mlango wowote, ila albamu yao Young Team ina wimbo wa Like Herod ambao inakunyamazia kisha inakurukia, usiisikilize ukiwa umeshika chai.

Kuna mtu mmoja tu nitamwambia aruke Slow Riot, yule anayetoka kwenye metali. Wewe nenda moja kwa moja kwenye ya 2012, Allelujah! Don't Bend! Ascend!, anza na Mladic, dakika 20, riff yake, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, utaielewa bila kuelekezwa na mtu. Yanqui U.X.O. ya 2002 iacheni iwe ya mwisho nyote, Steve Albini aliirekodi kavu kabisa na humo hakuna mzee wala jamaa wa mahakamani wa kukushika mkono.