Amefunga kifungo mwenyewe

Leo asubuhi binti yetu amefunga kifungo cha shati lake bila msaada wa mtu.

Kwa wasiomfahamu, alizaliwa na sindromu ya Down, yaani ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Misuli yake ni legevu na vidole vyake ni vifupi, hivyo jambo ambalo kaka yake alilijua bila hata kufundishwa, yeye hulijenga hatua kwa hatua. Mtaalamu wake wa tiba alitushauri tuanze na vifungo vikubwa, sisi tukipenyeze kifungo na kumwachia yeye kazi ya kukivuta tu, kisha tumwongezee hatua moja moja kadiri anavyoweza.

Tulikuwa tumechelewa, na baba yake alikwisha kunyoosha mkono ili amalizie.

Akausukuma.

Ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, alikipenyeza kifungo nusu, kikateleza, akakirudisha. Kilipotokeza upande wa pili alikivuta kwa nguvu hata nikadhani uzi utakatika, kisha akakipapasa kwa kidole gumba, akakipapasa tena, kama mtu anayehakikisha kwamba mlango umefungwa.

Tundu halikuwa lenyewe, kwa hiyo shati lilikaa upande. Hakuna aliyethubutu kulirekebisha (mimi mkono uliniwasha, nisiseme uongo), na jioni amerudi nalo vivyo hivyo.

Wazazi wenzangu, zipu mliwafundishaje watoto wenu? Hiyo bado inatushinda.