Usiku wa picha uani

Jumamosi tuliazima projekta. Ni ya rafiki wa mwenzangu anayefanya kazi za kumbi za harusi, na sharti lake lilikuwa moja tu: irudi Jumapili kabla ya saa nne asubuhi, kuna watu wanaoana. Basi tukawa na usiku mmoja, ua wenye mwembe mmoja, na shangazi mmoja mwenye goti bovu.

Shangazi ndiye chanzo cha yote. Amevuka kutoka Unguja kuja kutibiwa hilo goti, yuko kwetu Kigamboni wiki ya tatu sasa, na mchana kutwa anakaa sebuleni kutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili huku akizisema vibaya. Siku moja akazima televisheni kabisa. "Hii si picha," akasema. "Picha mtu anatoka kwake, anavaa, anakwenda." Halafu akaanza kutaja majumba ya sinema ya kwao Unguja: Majestic pale Vuga, Empire, Cine Afrique. Maonyesho ya wanawake peke yao, mtaa mzima mnaongozana, na nyimbo za Kihindi mnarudi nazo nyumbani mnaziimba bila kujua neno moja maana yake. Empire siku hizi ni duka. Shangazi hununua sabuni humo, na anasema kila akiingia macho yake huenda juu kutafuta pazia.

Kumpeleka sinema ya mjini haikuwezekana, ngazi zile na goti lile. Nikaamua sinema ije uani.

Nikiri kwamba kichwani mwangu nilikuwa na kipimo kimoja cha raha, nacho ni makalio. Nimewahi kukaa Ngome Kongwe kule Unguja usiku wa tamasha la filamu, juu zipo nyota, mbele lipo pazia kubwa, kila kitu kizuri, ila nilikaa juu ya jiwe kwa saa mbili. Filamu yenyewe siikumbuki. Jiwe nalikumbuka. Kwa hiyo mimi nilianza chini: jamvi kwanza, juu yake godoro la wageni, juu ya godoro mikeka miwili, kisha mito yote ya nyumba hii. Viti vya plastiki nikavipanga nyuma kwa ajili ya wanaume, ambao hawajui kukaa chini bila kulalamika. Shangazi nikamwekea kiti cha uvivu katikati kabisa, na ndoo iliyopinduliwa yenye mto juu, aegeshe mguu. Vitenge vinne pembeni, kwa sababu hii ni Julai, na umande wa Julai ukikaa kimya chini ya mwembe unausikia mpaka kwenye mifupa.

Mwenzangu yeye kipimo chake ni ukubwa. Baba yake alikuwa akiwapakia wote kwenye gari kwenda Drive-In ya njia ya Msasani, ile iliyofunguliwa 1966, ambayo kiwanja chake leo ni ubalozi wa Marekani, na tangu hapo anaamini picha isiyoonekana kutoka barabarani si picha. Tulitundika shuka la sita kwa sita kwenye kamba ya kuanikia, kati ya mwembe na nguzo ya tangi la maji, akaweka projekta hatua tatu, akatazama, akataka kuirudisha nyuma mpaka mlango wa jiko. Nikamwambia mwanga ni ule ule. Ukiirudisha mara mbili, picha inapanuka mara mbili na kurefuka mara mbili, mwanga unagawanywa mafungu manne, tutatazama ukungu. Hakuniamini mpaka alipojaribu.

Kazi nyingine ilikuwa kuinyoosha. Ukiiweka projekta chini na kuiinua pua kwa daftari, picha inatoka pana juu, nyembamba chini, kama ndoo. Dawa ni kuipandisha. Tulipindua kinu, tukaweka sinia juu yake, projekta juu ya sinia. Shangazi akauliza kinu kimekosa nini.

Na sauti! Spika isiyo na waya ilikuwa inachelewa, nusu pumzi tu, lakini inatosha. Mdomo unafunga, ndipo neno linafika, kama umeme na radi. Kwa mazungumzo ungevumilia. Kwa mtu aliyekuja kusikiliza nyimbo, hapana. Tukatafuta waya kwenye lile droo la nyaya ambalo kila nyumba inalo, wa saba ndio uliotoshea.

Majirani niliwapitia alasiri na sahani ya kashata, kuwaarifu kwamba kutakuwa na kelele mpaka saa nne na nusu. Hapa kwetu ukiomba radhi mapema unasamehewa. Ukiomba baadaye unasemwa. Jua lilizama saa 12 na dakika 20 hivi, na giza la huku halibembelezi, ukikoroga chai unageuka usiku umeingia. Tungeweza kuanza saa moja. Tulingoja watu wamalize isha, jambo lililonipa muda wa kuunguza sufuria la kwanza la bisi.

Sasa, upepo. Huu ni msimu wa kusi, na hapa karibu na bahari kusi haliulizi. Shuka lilipopata upepo nyuma likawa tanga la ngalawa. Sura ya mwigizaji ikavimba shavu, ikanywea, ikavimba. Mdogo wangu, ambaye hupenda kuvua, akafunga chubwi za mshipi kwenye pindo la chini, sita, na likatulia. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Sikuona kwamba lile shuka lililotulia limetuzibia upepo wote, na mbu wa Kigamboni, ambaye kwenye upepo hana ubavu, amepewa ukumbi wake. Walianzia vifundoni. Nikawasha dawa ya mbu, nikachoma na kivumbasha, moshi ukakaa pale pale tulipokaa sisi. Watu wakawa wanatazama mapenzi huku wanafuta machozi kabla ya wakati wake. Baadaye ndipo mtu mwenye akili (si mimi) alipotoa feni ya chumbani na kuilaza chini ielekee miguu. Ningeanza na hiyo.

Pamoja na hayo tulikuwa tunakwenda vizuri. Bisi za sufuria la pili, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, juisi ya ukwaju. Mwezi ulikuwa mchanga, ukazama mapema kwa adabu. Watoto wa jirani walikuwa wamepanda ukuta wa nyuma, upande wa pili wa shuka, kama kunguru sita, na mmoja akapaza sauti kuuliza DJ yuko wapi. Alikuwa na haki. Amezoea kibanda umiza, banda la video la mtaani, ambako picha ya nje haiendi bila DJ wa kuitafsiri, na mtafsiri mzuri anakuongezea na utani ambao mwenye filamu hakuuwaza. Alipoona hakuna, akaanza mwenyewe. Baba mkwe anapanda ngazi kwa hasira: "Nani kala wali wangu?" Ua mzima ukacheka, hata wenye viti vya plastiki.

Wimbo wa nne ulikuwa umeanza tu pakawa giza.

"Wamekata," wakasema watu kwa sauti moja, kwa ile sauti ya mazoea. Lakini taa ya jirani ilikuwa inawaka. Ya jirani wa pili pia. Mwenzangu akanigeukia, mimi nikautazama mwembe. Uniti za umeme za LUKU nilitakiwa kununua mimi, asubuhi, na asubuhi nilikuwa nahesabu mito.

Kuna namna ya fedheha ambayo mtu huijua tu akiwa amesimama mbele ya mita, simu mdomoni inamulika, anabonyeza tarakimu 20 huku wageni wanasubiri. Mara ya kwanza nilikosea. Ya pili ikakubali. Hata hivyo projekta yenyewe haikutaka kuwaka: taa yake ilizimwa ghafla ikiwa ya moto, feni ya ndani haikupata nafasi ya kuipoza, na mwenyewe alituonya tuiache ipoe kwanza. Tukaiacha dakika kumi. Watu wakanyoosha miguu, watoto wakaenda chooni kwa foleni, mtu akamwaga ukwaju kwenye godoro la wageni.

Picha iliporudi, kiti cha uvivu hakikuwepo. Si shangazi tu, na kiti chenyewe, na ndoo.

Nilimtafuta ndani, nikamtafuta barazani. Kisha nikasikia wimbo unaimbwa kwa sauti nyembamba ya kizee kutoka nyuma ya shuka. Nikazunguka. Alikuwa amekaa kwenye kile kijia kati ya shuka na ukuta, mahali tunapoweka ndoo za kufulia, mguu umeegeshwa, kitenge magotini, upepo wa kusi unampiga kisogoni. Hakuna moshi. Hakuna mbu. Juu ya kichwa chake miguu sita au saba ya watoto inaning'inia ukutani, na mbele yake picha nzima, kwa sababu shuka letu ni jepesi na mwanga unapenya. Nilikuwa nimefikiria mchana kuongeza shuka la pili ili picha ing'ae zaidi upande wetu. Mungu alinipa uvivu.

Huku nyuma kila kitu kiligeuzwa. Maandishi ya chini yalikwenda kinyume kama kwenye kioo, lakini shangazi hajawahi kuyasoma, na yule DJ wa ukutani nadhani ndiyo maana alikuwa anatunga vyake. Nani aliyemhamishia kiti sikuambiwa. Watoto walipoulizwa walitazama baharini.

Nikageuza beseni, nikakaa karibu yake. Mbele yetu ilikuwa karamu ya harusi, ukoo mzima umekaa chini mbele ya sinia, wanakula. Shangazi akaacha kuimba. Akainama kidogo, akakunja uso.

"Mbona hawa wanakula kwa mkono wa kushoto?"

"Picha imegeuka, shangazi. Tuko nyuma ya shuka."

"Wote?"

"Wote."

Akawatazama tena, mmoja mmoja, mpaka bibi harusi.

"Hata huyu aliyelelewa vizuri," akasema, na akanyoosha bakuli nimwongezee bisi.