Kwilti ya mikono mingi: kanga, vitenge na robo inchi

Kwilti ya kushirikiana huharibikia kwenye rula kabla haijafika kwenye sindano. Mafundi hodari wakishona kila mmoja kwa kipimo chake, miraba yao haikutani. Washonaji wa kawaida waliokubaliana nafasi ya mshono ya robo inchi hutoa kazi inayolala bila mkunjo. Mimi ndiye ninayepokea miraba ya kundi letu la wanawake kutoka Tanzania na Kenya tunaoishi eneo la Midlands, Uingereza. Huu ndio utaratibu tunaoufuata, pamoja na namna tunavyoyatumia maonyesho ya kwilti ya Birmingham.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, kwilti ni tandiko la tabaka tatu: uso wa viraka vilivyounganishwa kuwa miraba, pamba bapa katikati na kitambaa cha mgongo chini, vyote vimeshikwa na mishono inayopenya tabaka zote.

Nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, ni robo inchi, kama milimita 6. Aliyezoea kushona magauni huacha nusu inchi au zaidi ili nguo iweze kupanuliwa, na mkono huo uliozoea ndio unaoleta taabu hapa. Chukua mraba wenye viraka vinne kwa upana: una mishono mitatu ya ndani. Ukizidisha milimita moja na nusu, kila mshono unakula kitambaa pande mbili, milimita 3 kwa mshono, karibu sentimita 1 kwa mraba mzima. Ukiunganishwa na mraba wa mwenzako uliotoka sawa, ile sentimita haina pa kwenda ila kujikunja.

Kwa hiyo kabla ya mtu kugusa kitambaa cha kundi, anashona kipimo cha majaribio. Kata vipande vitatu vya inchi 1½ kwa 4, viunganishe kwa urefu, piga pasi, kisha pima. Upana wote uwe inchi 3½, na kipande cha kati kiwe inchi 1 kamili. Kikiwa chembamba, mshono wako ni mpana: sogeza sindano kulia kidogo. Kama cherehani ni ya zamani na sindano haisogei, bandika tabaka kadhaa za utepe wa karatasi kwenye bamba la mashine ziwe ukuta wa kuongozea kitambaa. Pia kitambaa kikikunjwa kwenye mshono hupoteza upana wa uzi mmoja au miwili, ndiyo maana tunashona robo inchi iliyopungua chembe. Rula nazo huleta ugomvi, maana mmoja anakata ndani ya mstari na mwingine nje yake. Tulimaliza ubishi kwa kununua wote rula ya aina moja.

Kwenye vitambaa ndiko kwenye mambo mengi zaidi. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame, na ukikata bila kuosha, kwilti itarudi baada ya kufuliwa na kujikunyata kuzunguka mishono. Pamba huweza kurudi asilimia 3 hadi 5. Kwenye upana wa sentimita 150, hizo ni sentimita 4.5 hadi 7.5. Osha kwa maji ya uvuguvugu, anika, piga pasi kikiwa na unyevu. Kanga ni nyepesi na imefumwa kwa ulegevu zaidi, hivyo huvutika ukiikata kwa mshazari. Dawa yake ni kuipulizia wanga baada ya kuiosha, kuipiga pasi ikauke kabisa, ndipo uikate. Kanga na kitenge vikikutana kwenye mshono mmoja, weka kanga chini, upande wa meno ya mashine: meno huvuta kitambaa cha chini haraka kidogo, na kilegevu kikiwa huko hakibaki na ziada mwishoni.

Kuchuja rangi ndiko kunakotutia hofu kuliko yote, hasa nyekundu na nyeusi. Wengi tulilelewa na ushauri wa chumvi na siki, lakini kitambaa kilichokwisha pakwa rangi kiwandani hakifungiki rangi kwa chumvi ya jikoni. Kinachosaidia ni kuosha tena na tena mpaka maji yatoke meupe. Halafu weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kanga na ukipige pasi ya moto. Kikipata doa, kanga hiyo irudi kwenye beseni. Inayotoa rangi kila mara, tunaiacha, hata ikiwa nzuri namna gani, kwa sababu itapaka miraba ya watu wote.

Tena kuna kitenge ambacho si pamba. Chomoa nyuzi chache pembeni, uziwashe juu ya sahani: pamba huungua na kunuka kama karatasi, ikaacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta ikichanganywa na pamba, pasi inayofaa pamba huifanya ijikunyate na kung'aa. Haina nafasi kwenye sanduku letu.

Kitenge cha nta halisi hakina nyuma wala mbele, rangi inapenya pande zote, na hilo ni raha kwa anayekata vipande vingi. Kanga imechapwa upande mmoja, kwa hiyo tia alama ya chaki upande wa nyuma kabla ya kukata. Maua makubwa ya kitenge yakikatwa vipande vya inchi moja hayaonekani tena, inabaki rangi tu; ukitaka ua lionekane, lipe kiraka kikubwa. Jina la kanga nalo ni refu, haliingii kwenye mraba. Tunalikata zima, tukiacha inchi moja juu ya herufi na inchi moja chini, na kulitumia kwenye mpaka wa nje au mgongoni. Na lisomwe kwanza! Kwilti ya bibi harusi yenye “Hasidi hana sababu” ina maneno yake mengine.

Kuhusu muundo, tunachagua ule unaokubali kupunguzwa. Nyota yenye ncha zinazogusa ukingo haifai kwa kundi, kwa kuwa mraba ukipunguzwa kidogo tu ncha zimekwenda. Tunapenda muundo wa magogo: kiini katikati, kisha vipande vyembamba vikikizunguka kama kuta za nyumba. Kiini kikatwe inchi 2½ kila upande, na vipande vya kuzunguka upana wa inchi 1½. Duru tano zinakupa mraba wa inchi 12 ukishaunganishwa. Ila duru ya tano tunaikata upana wa inchi 2, ili mraba utoke inchi 13½ nami niupunguze hadi 12½ kwa rula moja na mkono mmoja. Nusu inchi hiyo ya ziada kila upande ndiyo inayomeza tofauti zetu. Asiyefikisha inchi 12½ hata kwa ziada hiyo, anaongezewa kipande kingine pembeni. Hakuna anayefumuliwa kazi.

Viini vyote hukatwa na mtu mmoja kutoka kitenge kimoja, kila mshonaji akapelekewa vyake pamoja na kipimo cha majaribio cha kuigiza. Rangi nyingine ni hiari yake. Kiini cha pamoja kinatosha kuifanya miraba ionekane ya ukoo mmoja. Mraba uliokunjwa mara mbili huingia kwenye bahasha kubwa ya posta ya hapa, isiyozidi sentimita 25 kwa 35 na unene wa 2.5. Kwenye WhatsApp tunatuma picha ya nyuma ya mraba, rula ikiwa juu yake. Picha ya mbele hupendeza, lakini haisemi kama mishono imelazwa upande mmoja au imejipinda.

Miraba 20 tunaipanga 4 kwa 5, tukiitenganisha na kuizungushia ukanda ambao ukishashonwa unabaki inchi 2. Uso mzima hutoka inchi 58 kwa 72. Mgongo uzidi uso kwa inchi 4 kila upande, yaani inchi 66 kwa 80, kama sentimita 168 kwa 203. Doti moja ya kanga karibu inatosha. Kila kanga, baada ya kuoshwa na kukatwa kingo, ina kama sentimita 145 kwa 106. Unganisha mbili kwa ule upande mrefu, unapata takriban 145 kwa 210. Upungufu uko upande mmoja tu: kata mgongo huo katikati ya ule urefu wa 145, ingiza ukanda wa kitenge wa sentimita 30, basi umefika.

Kupanga tabaka tatu tunakutana, maana meza mbili za ukumbini na mikono ya watu wanne hufanya kazi ambayo mtu mmoja angeifanya sakafuni kwa magoti. Bandika mgongo mezani kwa utepe, nyuma yake ikitazama juu, uwe umenyooka bila kuvutwa. Ukiuvuta, utajirudia ukishauachia na kufanya makunyanzi chini. Tandaza pamba, kisha uso. Funga kwa sefti pini, kila upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje. Asiye na pini za kutosha apige bandi, mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi tofauti.

Kushona tabaka pamoja tunatumia sindano namba 90/14, hatua ya milimita 3, na ule mguu wa mashine unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Mguu wa kawaida husukuma uso mbele, na mistari inapokutana unaona vimikunjo. Mistari isiachane zaidi ya inchi 4 hata kama pakiti ya pamba inaruhusu zaidi, kwa sababu tandiko la watoto hufuliwa kila wiki. Ukingo wa kufungia, utepe unaofunika kingo za tabaka zote, ni vipande 7 vya upana wa inchi 2½ vilivyokunjwa nusu kwa urefu. Nusu yadi ya kitenge inatosha.

Sasa maonyesho. Maonyesho ya Festival of Quilts hufanyika kwenye kituo cha maonyesho cha NEC, Birmingham, tangu mwaka 2003, siku nne wakati wa kiangazi, na kituo cha treni cha Birmingham International kiko mlangoni. Ukumbi ni mkubwa, kwilti ni mamia, na anayekwenda “kutazama tu” hurudi na miguu inayouma na mfuko wa vitambaa asivyovihitaji. Sisi kila mmoja anakwenda na swali moja. Mmoja achunguze pembe za ukingo: zimejaa pamba au ni tupu, zimefungwa kwa uzi au ziko wazi? Mwingine asimame pembeni ya kwilti, aitazame kwa ubavu, aone kama inaning'inia wima au ina mawimbi; mawimbi mara nyingi ni mpaka wa nje ulioshonwa bila kupimwa, ukazidi urefu wa katikati. Wa tatu aangalie mgongo, aone kama uzi wa juu umejitokeza chini kwa vidoa. Kwilti haiguswi; msimamizi mwenye glovu akiwapo, mwombe akufunulie nyuma. Saa sita tunakutana kwenye chakula, kila mtu anatoa majibu yake, halafu mchana tunarudi pamoja kwenye zile chache zilizotajwa. Ununuzi ni wa mwisho, na ni wa vitu ambavyo duka la mtaani halina: pamba bapa ya upana mkubwa, sindano, bleidi za kisu cha gurudumu. Kitambaa cha kuchapwa tunacho tayari, tena kizuri kuliko vingi vinavyouzwa pale.

Anayetaka kutundika kwilti yake kwenye maonyesho aishonee mgongoni mfereji wa kupitisha fimbo, kina chake inchi 4. Kata kitambaa cha inchi 9, kikunje, na upande wa mbele uachie ulegevu kidogo ili fimbo isiivimbishe kwilti. Kibandiko cha majina kishonwe kabla ya ukingo, upande wake mmoja au pembe inaswe na mshono, kisifumuliwe kirahisi. Majina yote yaandikwe, pamoja na aliyekata viini.

Wenzetu wasio na cherehani tunawapa kazi isiyotaka rula kabisa: kawandi, kwilti ya mkono ya Wasiddi wa Karnataka, India, watu ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika. Hii huanzia pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Tandaza shuka la chini, juu yake kanga kuukuu moja au mbili za kujaza, zikiwa fupi kwa nusu inchi kila upande. Kunja ukingo wa shuka ndani, kunja ukingo wa kiraka cha kwanza, kutanisha mikunjo miwili pembeni kabisa, na ushone kwa hatua za kawaida kupenya tabaka zote. Kiraka kinachofuata kikunjwe upande unaolalia mwenzake, kifunike ule usiokunjwa. Ukifika pembe, geuka. Mistari iachane kama sentimita moja. Kiraka cha mwisho, cha katikati, kinakunjwa pande zote nne. Pembe hupewa phula, pembetatu za kitambaa kilichokunjwa, na kwilti isiyo nazo huhesabiwa haijakamilika.

Hapa tofauti za mikono hazidhuru: mwenye hatua ndefu na mwenye hatua fupi wanapokezana duru, na mshono unaonyesha nani aliishia wapi. Tatizo lake ni unene. Kanga mbili za kujaza zinatosha. Tatu huvunja sindano na kuumiza kidole cha kati hata chenye tondoo. Uzi uwe wa pamba ulio mnene, urefu usipite mkono hadi kiwiko, kwa kuwa mrefu zaidi hujifunga mafundo kila unapouvuta kwenye tabaka zote hizo. Na mkono wa chini upapase mgongo kila mistari michache, maana shuka la chini likijikunja mapema, utaligundua katikati, pasipofumulika tena bila kufumua duru zote zilizotangulia.