Tinti nyeusi niliyoibandua dukani

Chumba changu cha ushonaji kiko Kirumba, Mwanza, ghorofani, na dirisha lake kubwa linatazama ziwani. Asubuhi ni raha tupu. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia mpaka meza ya kukatia, na vitenge vya rafu ya mbele vilikuwa vinapauka kwenye mikunjo. Nikikunjua doti mbele ya mteja, mstari uliofifia unakatiza maua katikati.

Mwaka juzi nikabandika tinti nyeusi ya bei ya chini, nikiamini kioo kikiwa cheusi joto halipiti. Saa kumi jioni nikikigusa kilikuwa kinaunguza kiganja: ile rangi inalimeza jua, kisha joto linaachiwa humo humo ndani. Mwanga nao nikaukosa. Nilimshonea dada mmoja gauni la buluu iliyoiva kwa uzi mweusi. Tulipotoka nje kwenye ngazi, yeye ndiye aliyeona kwanza. Nilifumua usiku kucha, na mpaka leo inaniuma.

Baadaye tinti ikageuka zambarau na kuota malengelenge. Nikamwita kijana aliyebandika vioo vya Noah ya mume wangu. (Mume wangu anaendesha Mwanza–Musoma, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kuliko wa kushoto hata akifunga vioo. Kioo cha mbele kina plastiki katikati inayozuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi na kupausha rangi. Vya pembeni vingi havina.)

“Mama, ile ilikuwa rangi tu,” akaniambia. Karibu nusu ya nguvu ya jua haionekani kwa macho. Filamu ya seramiki, utando mwembamba unaobandikwa kwenye kioo, inapunguza miale hiyo ya joto na kuacha mwanga upite. Tulichagua inayopitisha asilimia 70 ya mwanga. Hakunidanganya: alisema inazuia karibu miale yote ya urujuanimno, lakini mwanga wenyewe nao unapausha nguo, polepole.

Alibandua ile ya zamani kwa mvuke, akakwangua gundi kwa wembe, akaosha kioo mara tatu, akanizimisha feni ili vumbi lisiruke. Akanyunyiza maji ya sabuni, akatelezesha filamu, akayasukuma maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Alipokaribia kumaliza, mdudu mmoja wa ziwani, mdogo kama mbegu ya mchicha, akanasa ndani. Wengine wangemwacha. Yeye aliinua kona taratibu, akamtoa kwa ncha ya wembe, akanyunyiza upya. Hapo nikajua nimepata fundi.

Ukungu wa maji ulibaki kwenye kioo wiki kadhaa, ukakauka wenyewe. Alinikataza kufutia dawa yenye amonia.

Sasa saa kumi na moja jioni natofautisha uzi mweusi na wa buluu bila kuwasha taa. Dirishani nimepachika kipande cha kitenge, nusu nimekifunika kwa kadibodi. Nitakifunua Desemba.