Nilivyojiandaa kujifungua tena baada ya kuchanika vibaya msamba

Katika uzazi wangu wa kwanza nilichanika msamba (sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa) kwa daraja la tatu, maana yake mchaniko ulipita ngozi na misuli ya msamba ukafika kwenye misuli inayobana njia ya haja kubwa. Nilishonwa katika chumba cha upasuaji, nikapona taratibu kwa dawa za kulainisha choo na mazoezi ya misuli ya nyonga. Nilipopata ujauzito wa pili, nilitaka kwanza kuelewa kilichosababisha.

Mkunga alinisomea faili langu, na vihatarishi vilikuwa vimekutana: uzazi wa kwanza, mtoto wa zaidi ya kilo 4 ambaye kisogo chake kilielekea mgongoni mwangu, kusukuma kwa muda mrefu, na mwishowe kuvutwa kichwa cha mtoto kwa koleo, ambalo huongeza hatari ya mchaniko mkubwa kuliko kifaa cha kuvuta kwa hewa. Nilifarijika sana, kwani nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba sikujua kusukuma, na hakuna mwanamke anayestahili kubebeshwa maneno hayo.

Hata hivyo, kuwahi kuchanika hivyo ni kihatarishi pia. Daktari alinipima na kuniuliza, bila kunionea haya, kama choo au gesi hunitoka bila kujizuia. Kwa kuwa sikuwa na dalili hizo, alinieleza kwamba wanawake 5 hadi 7 kati ya 100 wa hali yangu huchanika tena kwa kiwango hicho, na kwamba kujifungua kwa upasuaji nako kuna hatari zake. Uamuzi ukabaki wangu. Nilichagua njia ya kawaida.

Tangu wiki ya 35 nilikanda msamba kwa mafuta, ingawa manufaa yake huonekana zaidi kwa wanaojifungua mara ya kwanza. Nililolitilia mkazo zaidi ni makubaliano na mkunga, ambayo tuliyaandika: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kiwekwe kwenye msamba ninaposukuma, mkono wake uushikilie msamba, na kichwa kitoke polepole huku nikipumua kwa pumzi fupi badala ya kusukuma. Kuhusu kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba ili mtoto apite, Shirika la Afya Duniani halishauri ifanywe kwa kila mama, nasi tulikubaliana kwamba ikilazimu, mkato uelekezwe pembeni, kwa sababu unaoshuka moja kwa moja kuelekea njia ya haja kubwa ndio unaoweza kuendelea hadi kwenye misuli yake.

Nilichanika tena, safari hii kwa daraja la pili, yaani ngozi na misuli ya msamba tu. Kabla ya kushonwa nilimwomba mkunga apime pia kwa kidole ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kuwa jeraha la misuli ile linaweza kufichika chini ya ngozi na kushonewa juu yake. Alipima, akathibitisha kwamba misuli ilikuwa mizima, akaniandikia hivyo kwenye faili.