Kamba wangu walikuwa wanafia kwenye kujivua gamba

Kamba wangu wadogo wekundu, ninaowafuga kwenye tangi la kioo, walikufa kila walipojivua gamba, wakiwa na mstari mweupe shingoni. Klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, haikuwa sababu, kwa kuwa maji hayo huwa nayalaza kwenye ndoo wazi ili itoke. Tatizo lilikuwa ulaini wa maji yenyewe: Mwanza tunatumia maji ya Ziwa Victoria, yenye madini kidogo, na kamba hawa, wenye asili ya Asia ya Mashariki, wanahitaji kalsiamu kujenga gamba jipya. Nikachemsha maganda ya mayai, nikayaanika, nikayatwanga, nikayafunga kwenye kitambaa karibu na chujio. Yanayeyuka polepole mno, na ndivyo ninavyotaka. Kamba hawavumilii mabadiliko ya ghafla. Magamba yaliyovuliwa nayaacha tangini, wayale. Vifo vimekoma na majike wamebeba mayai.