Jua kupatwa Agosti 2027, na bamvua itakayofuata Tanga

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, alasiri, jua litaonekana limemegwa hapa Arusha na Moshi. Halitazibwa lote. Giza kamili litapita Luxor kule Misri, kisha Saudia na Yemen, na kuteremka hadi ncha ya Somalia. Sisi tutapata pembe tu ya kivuli.

Jua hupatwa siku mwezi umefichika kabisa, yaani siku moja au mbili kabla haujaandama. Mbona basi halipatwi kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia. Mara nyingi kivuli chake hupita juu au chini ya dunia na kuishia angani.

Jua ni pana kuliko mwezi mara 400 hivi, na liko mbali zaidi mara 400 hivi, ndiyo maana vinaonekana saizi moja. Ila mwezi husogea na kurudi nyuma, kati ya kilomita 356,000 na 407,000. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016 pale Rujewa, Mbeya, mwezi ulikuwa mbali kidogo, ukashindwa kulifunika jua, pakabaki pete. Mwaka 2027 utakuwa karibu, na Luxor watakaa gizani zaidi ya dakika 6.

Kutazama: usitumie filamu ya eksirei, CD wala beseni la maji. Jicho haliumi linapoungua, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa. Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14. Vingi vya mafundi wetu ni namba 10 au 11, havitoshi. Bila miwani maalumu, toboa karatasi ya manila kwa msumari mwembamba, tundu la milimita 1 au 2, lipe jua mgongo, uangushe mwanga kwenye karatasi nyeupe. Kila mita moja ya umbali inakupa picha ya jua ya milimita 9. Wengi huweka karatasi mbili karibu mno, au hutoboa tundu kubwa, wakaona umbo la tundu badala ya umbo la jua. Anza na mita 2. Chini ya mwembe majani yenyewe yatakufanyia kazi hiyo: vimwanga vyote vya chini vitageuka hilali.

Sasa bahari. Yenyewe haihitaji jua, mwezi na dunia vikae kwenye mstari ulionyooka barabara, kama jua linavyohitaji ili lipatwe. Kila mwezi unapofichika na kila unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na hiyo ndiyo bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulioelekea mwezi na upande wa pili. Ndiyo sababu maji huvimba pande zote mbili na kujaa mara mbili kwa siku. Jua ni zito mno lakini liko mbali, kwa hiyo mchango wake haufiki nusu ya ule wa mwezi. Na Ziwa Duluti la hapa Arusha halijai wala kupwa kwa kuwa ni dogo: mvuto wa ng'ambo hii na ile ni uleule.

Mwezi ukiwa karibu, tofauti hiyo hukua haraka kuliko mvuto wenyewe. Kwa hiyo mwezi utakaoziba jua lote kule Misri ndio utakaoleta bamvua yenye nguvu Tanga tarehe 3 na 4 Agosti, maana bahari huchelewa siku moja au mbili.

Anayeteremka Tanga wakati wa bamvua ajue maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi hivi na hujaa saa 10 jioni, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Kutembea mwambani, nenda asubuhi hiyo. Kuogelea, subiri alasiri, au nenda wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, bahari isipokukimbia mbali. Mvuvi yeyote wa pale atakutajia saa kamili.